Samaki 62 ukutani: kisa cha mwalimu aliyetoka kwenye grupu yetu ya kuchora, Lubumbashi

Nimeandika kisa hiki kwa ajili ya walimu wa kuchora ambao wako na grupu kwenye simu, watu zaidi ya mia ndani, kila siku foto zinapita, na bado mtu akiingia kelasi Ijumaa anafundisha vilevile kama mwaka juzi. Kilitokea hapa Lubumbashi. Majina nimeyatoa, shule na komini nimevificha, vitu vidogo viwili vitatu nimevibadilisha ili mtu asitambulike, na mwenye kisa nilimsomea yote kwa simu kabla ya kuweka hapa. Alinirekebisha mahali pawili, nimefuata.

Mazingira

Mwanzoni tulikuwa 14, tulikutana kwenye mafunzo ya siku mbili tukasema tusipotezane. Sasa tuko 118. Wengi ni walimu wa primeri wanaofundisha kila kitu, Kifaransa, hesabu, dini, na kuchora juu yake. Wachache wako sekondari, na kuna kama kumi ambao ni wachoraji au watu wa kugonga shaba, pamoja na kaka mmoja anayefundisha dansi na tiatre. Maadmini tuko wawili, mimi na mama mmoja nitakayemwita Mama B.

Mtu asiyejua hali ya kuchora kwenye shule zetu ataona jambo hili dogo, acha nieleze. Kuchora kunawekwa saa ya mwisho, mara nyingi Ijumaa, na hesabu ikichelewa ndiyo saa ya kwanza kuliwa. Kaye (daftari) ya kuchora nusu ya watoto hawana, wanachana ukurasa katikati ya kaye nyingine. Kalamu za rangi, pakiti moja inazunguka benchi nne. Inspekta akija anauliza fishi ya somo na jurnali ya kelasi, sijamsikia hata mmoja akiuliza mtoto amechora nini. Mwalimu akikwama kwenye hesabu anavuka koridoo anamuuliza mwenzake wa kelasi ya pembeni, lakini akikwama namna ya kumuonyesha mtoto kwamba kitu cha mbali kinaonekana kidogo, atavuka koridoo kwenda kwa nani? Kwa wengi wetu grupu ndiyo mahali pekee penye mtu mwingine wa kazi hii.

Sasa desturi yetu ilikuwa hivi: unachagua kazi tatu nzuri kuliko zote, unapiga foto, unaweka, wenzako wanaweka makofi na "Mungu akuongezee mwalimu", basi. Nilipenda sana, siwezi kusema uongo, unatoka kazini umechoka, umeme umekatika, unafungua simu unakuta watu arobaini wanakupigia makofi, inakupa nguvu. Ila nikirudi nyuma kusoma miezi mitano ya kwanza nakuta karibu hakuna swali.

Kilichotokea

Jumatano moja jioni Mama K. akaweka foto. Yuko na miaka minane kazini, anafundisha mwaka wa tano wa primeri, watoto 62 kwenye chumba cha watoto 40. Tangu aingie kwenye grupu alikuwa hajaandika hata neno moja, ile ilikuwa mara yake ya kwanza. Foto ni ya ukuta mzima, samaki 62 wamebandikwa kwa mistari, karibu wote wanaangalia kushoto, karibu wote wana mapezi matatu, sababu alikuwa amechora samaki kwenye tablo (ubao wa kelasi) na watoto wakafuata. Chini aliandika: "Bandugu, jambo yenu. Batoto yangu ya mwaka wa tano balifanya hivi. Munasema nini?"

Makofi yakaja kama kawaida. Kisha Papa T. akaandika. Papa T. amepita miaka sitini, alisomea sanaa hapahapa mjini, na kati yetu kuna waliofundishwa naye hata kushika pinso (brashi ya rangi). Aliandika: "Mama, hii haiko kuchora, hii ni kukopia. Samaki 62 ya namna moja, ni kusema mutu moja tu njo alichora, na ule mutu ni weye mwalimu."

Watu waliokuwa wamepiga makofi dakika kumi kabla wakaanza kuandika "kweli kabisa Papa". Mimi mwenyewe, admini, niliweka kidole juu kwenye ujumbe ule nikaenda kula. Mama K. alijibu "Aksanti Papa". Nilipochukua simu tena, chini ya neno hilo kulikuwa na ule mstari mdogo wa kijivu unaosema ametoka.

Kwa siku mbili grupu iliwaka na hakuna aliyemtaja, tulikuwa tunabishana historia. Papa T. alikumbusha Hangar: mwaka 1946, mji bado unaitwa Élisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua mahali ambapo wachoraji hawakupewa mfano wa kufuata, aliwaambia wachore wanachokijua wenyewe, ndiyo maana Bela aliyepaka rangi kwa ncha za vidole huwezi kumchanganya na Mwenze Kibwanga aliyejaza picha kwa mistari mifupimifupi, wala na Pilipili Mulongoy na samaki wake na ndege wake. Mwingine akajibu kwamba Laurent Moonens alipofungua Akademia ya sanaa mwaka 1951 mambo ya shule yalirudi, mkono unafundishwa kwa mazoezi, na hakuna anayesema Akademia ilitoa watu wabovu. Halafu wale wa Hangar walikuwa watu wazima, wachache, na rangi wanapewa. Nani kati yao alikuwa na watoto 62 na dakika 45? Kaka mmoja anayechora kwa kuuza akaleta hoja ambayo mpaka leo naitumia. Alisema picha za mamba-muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, na zile za watu wanaochapwa fimbo wakati wa ukoloni, zilitundikwa kwenye saloni nyingi za mji huu miaka ya 70, mchoraji alirudia picha ileile mara nyingi kwa sababu mteja ndivyo alivyotaka, na bado ukiziweka mbili pembeni unaona mkono wa kila mmoja. "Kukopia haiko zambi," aliandika, "angalia nini inabadirika."

Mjadala ulikuwa mzuri kweli, nimeuhifadhi wote. Mwenye samaki hakuwepo kuusikia.

Tulivyoamua, na kwa nini

Nilitaka kumrudisha saa ileile, ni kubonyeza jina lake tu, halafu niandike pole mbele ya wote. Mama B. alinikataza. Alisema mtu aliyepata haya mbele ya watu mia na kitu ukimrudisha kwa kidole unamsimamisha tena palepale, na pole ya hadharani itamlazimisha ajibu "hakuna shida" hata kama shida ipo. "Enda umuone," akaniambia. Jumamosi nikapanda bisi nikaenda.

Nilimkuta kelasini anasahihisha, samaki bado ukutani. Hakuwa na hasira. Aliniambia maneno haya: "Miye nilikuwa nauliza. Niliandika munasema nini. Nilijua kama kuna kintu haiko muzuri, lakini sikujua ni nini, njo maana niliuliza." Hapo ndipo niliona kosa letu lote. Mtu alileta swali, sisi tulisoma foto.

Tukaanza kuangalia ukuta, samaki mmoja mmoja. Kwenye simu kila samaki alikuwa mdogo kama punje ya haragi, ukisimama pale ni mambo mengine. Kuna mmoja magamba yake yamechorwa kama maua ya kitenge. Kuna mwingine mtoto alisugua penseli kwa kidole mpaka tumbo likawa na kivuli, na hakuna aliyemfundisha. Mstari wa nne, karibu na dirisha, kuna samaki mpana kupita wote, ana mstari katikati kutoka kichwa mpaka mkia, na macho mawili, yote yanatuangalia. Juu yake Bic nyekundu: 4/10.

Nikauliza kama mtoto alikosea. Mama K. akasema ndiyo, samaki wa pembeni anaonyesha jicho moja, na aliwaeleza hivyo. Watoto walikuwa bado uwanjani, akamwita. Msichana mwembamba, akasimama mlangoni akaangalia chini, tukamuuliza samaki huyu ni wa wapi. Akasema, "Ni ya mama." Mama yake anauza samaki wa kukausha kutoka Kasenga, wale wanaopasuliwa mgongoni na kufunguliwa kama kaye, nusu ya kichwa huku nusu kule, macho yote mawili yanaangalia juu. Kila siku akitoka shuleni kazi yake ni kuwageuza juani. Aliangalia tablo, kisha akachora samaki anayemjua.

Mama K. hakusema kitu kwa muda. Akachukua Bic, akaanza kuandika juu ya ile 4, akaacha, akamwambia mtoto aende akacheze.

Papa T. hatukumtoa na hatukumkemea kwenye grupu. Kuna vijana walitaka hivyo, lakini mzee haambiwi kosa lake mbele ya watoto wake, na zaidi ya hapo alichokisema kuhusu kukopia kilikuwa na ukweli ndani. Nilienda kwake Jumapili baada ya misa na foto ya yule samaki wa macho mawili. Aliikuza, akaiangalia muda mrefu. "Huyu mutoto aliona," alisema. Baadaye kidogo: "Na miye sikuona." Akaomba namba, akampigia mwenyewe. Walichozungumza sikijui chote, najua alimwita binti yangu.

Jambo la tatu lilikuwa namna ya kuzungumza. Yule kaka wa dansi alituambia kuhusu Liz Lerman, mcheza dansi wa Marekani, ambaye mwaka 1990 alitengeneza utaratibu wa kusema juu ya kazi ambayo bado haijaisha: kwanza walioangalia wanasema nini kimewabaki, halafu mwenye kazi anauliza swali lake, halafu wenzake wanauliza maswali yasiyo na maoni ndani, na mwisho kabisa maoni, kwa kuomba ruhusa. "Niko na neno kuhusu rangi, unataka nikuambie?" Akisema hapana, unanyamaza.

Tuliuchukua tukaukata ukubwa wetu. Kila wiki zamu ni ya mwalimu mmoja, analeta kazi tatu za watoto, karibu-karibu na siyo ukuta mzima, na swali moja. Jumatatu na Jumanne unasema unachokiona tu. Jumatano maswali, Alhamisi maoni kwa ruhusa, Ijumaa anaingia kelasi anajaribu kitu kimoja, Jumamosi anatuambia kilichotokea. Odio isipite dakika moja, foto tatu tu, sababu mega za intaneti ni pesa. Makofi yanangoja Jumamosi.

Jumatano ndiyo ilitushinda kwa muda mrefu. Walimu tunajua kuuliza swali ambalo ndani yake kuna fimbo. "Kwa nini hukuwaacha huru?" ni fimbo. "Samaki wa tablo alibaki hapo dakika ngapi?" ni swali, na mwenye zamu akilijibu anaanza kufikiri mwenyewe.

Matokeo

Zamu ya kwanza aliiomba Papa T. mwenyewe, na alileta kazi tatu za watoto wake zilizoharibika. Mzee wa namna ile kuonyesha somo lililomshinda, nadhani lilifanya zaidi ya sheria zote tulizoandika. Wiki ya tatu Mama K. akaniandikia: nirudishe.

Swali la zamu yake lilikuwa namna gani aonyeshe bila kuwafunga watoto. Mwalimu mmoja wa sekondari alileta maelezo ya Viktor Lowenfeld, ambaye mwaka 1947 alieleza hatua za mtoto kwenye kuchora, na kwamba kuanzia kama miaka 9 mpaka 12 mtoto anaanza kutaka kitu kifanane na kweli, anaona mkono wake haufiki, anaona haya, anasema siwezi. Watoto wa Mama K. wako palepale. Kwa hiyo samaki wa tablo alikuwa pia fimbo ya kutembelea, ukiiondoa ghafla mtoto anaanguka. Kisha likaja lile swali la dakika ngapi. Akajibu: saa yote.

Ijumaa ile alijaribu hivi. Alichora samaki polepole, watoto kalamu chini, wanaangalia tu mkono wake unaanzia wapi. Alipomaliza akafuta. Akawaambia kila mmoja afikiri samaki wa mwisho aliyemuona kwa macho yake, nyumbani, sokoni, mtoni, ndipo achukue kalamu. Jumamosi alituambia ukweli wote: saba hawakuchora kitu, wawili walilia, direkta alipita akasema ukuta wa kwanza ulikuwa msafi zaidi. Lakini alipata samaki kwenye sahani bila kichwa, samaki ndani ya gazeti, samaki kwenye ndoo na paka pembeni. Leo anachanganya, wiki moja mfano unabaki, wiki nyingine unafutwa, na wale saba anawaachia mfano kwenye kipande cha karatasi.

Zamu nyingine niliyoipenda ni ya rangi. Mwalimu alichekecha udongo wa kichuguu kwa kitambaa, akachanganya na uji wa unga wa muhogo, akapata rangi nyekundu inayoshika vizuri kwenye karto (karatasi ngumu ya maboksi), na siku ya tatu kelasi nzima ikanuka. Zamani angetuonyesha karto tu. Sasa alileta harufu kama swali, na jibu likapatikana siku ileile: udongo mkavu weka, uji pika kidogo wa somo moja, unaobaki mwaga. Mmoja akataka kuongeza kijani kwa kusaga malakiti, lile jiwe la kijani, na mwalimu wa kemia akaomba ruhusa ya maoni hata kabla ya Alhamisi, tukampa. Akaeleza kwamba ule ni mchanganyiko wa shaba, vumbi lake mtoto asilivute wala kulilamba, na udongo pia usichukuliwe upande ambao moshi wa viwanda vya kuyeyusha madini umeanguka miaka na miaka, una metali kama risasi (plomb) ndani. Grupu hii ingefanya jambo hilo moja tu ningeitetea.

Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni kazi ya mtoto kuwa katikati. Ukiweka ukuta mzima unamuweka mwalimu katikati, watu wanampigia makofi au wanampiga. Ukiweka kazi tatu karibu-karibu, macho yanaenda kwa mtoto, na mwalimu anakuwa mmoja wa wanaoangalia. Siku mbili za kueleza tu bila kuhukumu ziliwakera wengi mwanzoni, lakini yule samaki wa macho mawili tulimuona hivyohivyo, kwa kuangalia kwanza bila kuhukumu.

Kwenda kumuona mtu uso kwa uso, hilo pia. Simu ilivunja, simu peke yake isingetengeneza.

Yaliyoharibika ni mengi, nayataja. Watu wawili wenye ujuzi mkubwa walituacha, walisema tunabembelezana, na nadhani siku zingine walikuwa na haki, kuna wiki Alhamisi ilipita hakuna aliyethubutu kusema kwamba somo lilikuwa bovu. Foto moja ya zamu ilitoka nje: shule moja iliikuta ikaiweka kwenye tangazo la kuandikisha watoto, jina la mtoto linaonekana pembeni ya kazi. Mzazi alikasirika na alikuwa na haki. Tangu hapo jina linafunikwa kwa kidole wakati wa kupiga foto, sura haionekani, na mzazi anaulizwa. Tulipaswa kuanza hivyo siku ya kwanza, kosa ni letu maadmini. Na mpaka leo hakuna inspekta wala prefe (mkuu wa sekondari) anayehesabu Jumamosi hizi kama mafunzo, mwalimu hapati karatasi yoyote.

Kuna jambo nilikosea kulisoma. Nilihesabu wanaoandika, nikakuta wiki nyingi hawafiki thelathini, nikataka kuwatoa wanaonyamaza. Mama B. alinikumbusha kwamba Mama K. alinyamaza miezi mitano. Anayenyamaza anaweza kuwa anajifunza kwa macho. Mwanaanthropolojia Jean Lave aliwafuata mafundi wa kushona wa Liberia akaona mwanafunzi anaanza na kumalizia nguo, vifungo na pindo, anaangalia nguo nzima mara nyingi kabla hajapewa kitambaa akate. Nimepita kwa watano kati ya wanaonyamaza. Wanne walikuwa wameshajaribu kufuta tablo. Hawakutuambia.

Lisilotatuliwa ni simu. Tunao tisa ambao wana simu ndogo tu, zisizo na foto, wanasimuliwa na wenzao, na kwenye kuchora kusimuliwa hakutoshi. Tulijaribu kuprinti kazi tatu za wiki, rangi ilitoka ya kijivu na hela iliisha wiki ya nne. Kwa sasa tunatembeleana. Zamu ya wiki ijayo ni ya mmoja wao, anafundisha mwaka wa pili, na Mama K. atapita kwake Jumamosi hii saa tano na simu yake kupiga foto za kazi tatu.